Uzio wa Broken Hill na vumbi la aina mbili

Mwaka 1936, kampuni moja ya madini huko Broken Hill, magharibi ya mbali ya jimbo la New South Wales nchini Australia, ilitoa fedha za kuzungushia uzio eneo la takribani eka 22 pembeni mwa mji. Ndani ya uzio palikuwa mchanga. Hapakuwa na mazao ya kulinda wala mifugo ya kuzuia isitoroke. Kampuni hiyo ni Zinc Corporation, na kipande kile cha ardhi ndicho kilichoanzisha mojawapo ya kazi za mapema kabisa za kurudisha uoto wa asili kwa makusudi. Kwa maoni yangu, huu ndio mfano bora tulio nao wa mji wa migodi uliosimama dhidi ya vumbi lake ukalishinda. Ila ulishinda vumbi moja. Lipo la pili, jepesi lisiloonekana kwa macho, na hilo bado limo katika damu ya watoto wa mji huo.

Nataka kuyachambua yote mawili pamoja, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kando kando. Wapenzi wa mimea husimulia habari za uzio, madaktari husimulia habari za risasi, ile metali nzito yenye sumu, na msomaji hubaki bila kujua kwamba ni mji mmoja na upepo mmoja.

Madini ya Broken Hill yaligunduliwa mwaka 1883 na Charles Rasp, mfanyakazi wa shamba la kondoo la Mount Gipps ambaye kazi yake ilikuwa kukagua mipaka ya shamba. Alidhani mwamba mweusi wa kile kilima una bati. Kumbe ulikuwa na fedha, risasi na zinki kwa wingi usio wa kawaida. Kampuni ya Broken Hill Proprietary, ambayo leo dunia inaijua kama BHP, iliundwa mwaka 1885 kwa ajili ya kilima hicho. Mji ukakua pande zote mbili za mwamba, nyumba zikisogea hadi malangoni mwa migodi, katika nchi ya Wawilyakali inayopata mvua ya milimita 250 hivi kwa mwaka mzima. Jua la huko lina nguvu ya kukausha zaidi ya mita 2 za maji ya bwawa katika mwaka huo huo. Ukishajua namba hizo mbili, umejua mengi kuhusu hali ya hewa ya Broken Hill.

Wageni walipofika, nchi ile ilikuwa kavu lakini haikuwa tupu. Ilikuwa na migunga aina ya mulga, vichaka vya chumvi vya jamii ya Atriplex, na nyasi zinazojificha ardhini zikisubiri mvua. Ndani ya miaka michache miti ilikatwa kilomita nyingi kuzunguka mji. Kuni zilitakiwa kwenye mitambo ya mvuke, kwenye matanuru ya kuyeyushia madini, na kwenye kila jiko la kila nyumba. Kondoo walilisha juu ya kilichobaki. Watu wa mjini wakafuga mbuzi, na mbuzi hachagui. Kisha wakaja sungura, wale ambao walowezi walikuwa wamewaachia porini huko Victoria mwaka 1859 kwa ajili ya kuwinda, wakazaliana na kusambaa sehemu kubwa ya bara. Sungura hula mche ungali na majani mawili, na mwaka wa njaa humenya magome ya miti mikubwa ikafa imesimama. Ukame mkubwa wa 1895 hadi 1902 ulikuta nchi imekwisha vuliwa nguo.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kuitazama ardhi yenyewe kwa karibu. Udongo wa jangwa usiosumbuliwa hufunikwa na ukoko mwembamba, wenye unene wa milimita chache tu, ulioshikwa na kuvu, mwani mdogo na bakteria. Ukoko huo ukiwa mzima, upepo unaweza kuvuma siku nzima bila kuinua kitu cha maana. Kwato zinauvunja. Magurudumu yanauvunja. Ukishavunjika, mchanga ulio chini yake unaachiliwa, na hapo ndipo mchezo wenyewe unapoanza. Watu wengi hufikiri upepo huinua vumbi laini moja kwa moja kutoka ardhini. Kwa kawaida hauwezi, kwa sababu chembe laini sana hushikamana zenyewe kwa zenyewe. Kinachoondoka kwanza ni punje za mchanga, zenye upana wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Hizo hurukaruka chini chini, usawa wa goti na pungufu, na kila zinapotua hugonga udongo na kulirusha angani lile vumbi laini ambalo upepo peke yake ungeshindwa kulibandua. Punje moja inaamsha nyingine, na zile zinaamsha nyingine tena. Ndiyo maana uwanja mrefu ulio wazi hutoa vumbi kuliko viwanja vidogo vidogo vya ukubwa ule ule vilivyotenganishwa na vichaka, kwani kila kichaka ni mahali ambapo punje hugota na kukomea.

Jambo hili ndilo linaloeleza kwa nini kichaka kifupi, kisichofika hata kifuani, kinaweza kufanya kazi ambayo ukuta mrefu hauiwezi. Ukuta huupasua upepo na kutengeneza vimbunga vidogo nyuma yake. Vichaka vilivyotapakaa huupunguzia kasi palepale chini, mahali ambapo mchanga huanzia safari.

Sasa weka ardhi hiyo chini ya majira ya Broken Hill. Mvua ya huko haina msimu wa kuaminika. Inaweza kunyesha Januari au Julai, na inaweza isinyeshe kabisa. Kinachorudi kila mwaka ni upepo. Kuanzia Septemba hadi majira ya joto ya Desemba na kuendelea, hewa baridi kutoka baharini kusini hupenya barani ikiisukuma hewa ya jangwani mbele yake. Kwanza huja upepo wa moto kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi, joto likipita nyuzi 40, kila kitu kikikauka. Kisha, mara nyingi ndani ya saa moja, upepo hugeuka na kuvuma kwa nguvu kutoka kusini-magharibi, ukileta mbele yake ukuta mwekundu wa vumbi. Majira ya baridi, Juni hadi Agosti, ni tulivu zaidi. Hayo nitayarudia, kwa sababu utulivu huo una madhara yake.

Kabla ya 1936 mchanga ulikuwa umelundikana kando ya uzio wa mipaka hadi kuufukia, na kuingia ndani ya nyumba za pembezoni. Haukuishia kwenye makazi. Bwawa la Umberumberka, lililojengwa kwa ajili ya maji ya mji katika miaka ya 1910, lilianza kujaa tope tangu mapema, kwa kuwa ardhi tupu inayotoa vumbi siku ya upepo ndiyo hiyo hiyo inayotoa tope siku ya mvua. Mji ukapoteza hewa na maji kwa kosa moja.

Albert Morris hakuwa mtaalamu wa misitu. Alikuwa mpimaji wa madini katika mgodi wa Central, mtu wa maabara, wa mizani na asidi. Mimea aliisoma kwa mapenzi yake, pamoja na mkewe Margaret, na wote wawili walikuwa nguzo za chama cha wapenda viumbe asilia kilichoanzishwa mjini mwaka 1920, Barrier Field Naturalists' Club. Nyumbani kwao katika mtaa wa Railway Town walipanda, wakapoteza, wakapanda tena, hadi wakajua mmea upi unastahimili mchanga na upi hauwezi. Katika safari zao za porini Morris aliona kitu ambacho, ukikitazama leo, kinaonekana rahisi mno. Popote ambapo sungura na mifugo hawakuweza kufika, iwe mwambani au ndani ya boma lililosahaulika, mimea ya asili ilikuwa hai. Basi mbegu zilikuwepo. Udongo ulikuwa haujafa. Kilichokosekana ni nafasi ya mche kukua bila kuliwa.

Hoja yake kwa kampuni za madini ilikuwa hii: zungusheni uzio wa wavu ambao sungura hawezi kupita chini wala katikati, kisha subirini mvua. Katika kipande kile cha kwanza miche ilipandwa na kumwagiliwa maji yaliyokwisha kutumika migodini, kwa sababu kampuni ilikuwa inajenga ofisi na makazi mapya na ilitaka kuona kijani mapema. Meneja wa Zinc Corporation, A. J. Keast, alimwelewa, na W. S. Robinson aliyekuwa na sauti ya mwisho katika kampuni hiyo akakubali. Lakini Morris mwenyewe alishikilia kwamba sehemu kubwa ya kazi itafanywa na ardhi yenyewe. Maeneo yaliyofuata, makubwa zaidi, yalizungushiwa uzio bila kupandwa kitu. Yaliwekwa kusini, kusini-magharibi na magharibi ya mji, kule unakotokea upepo unaobeba mchanga.

Mvua ziliponyesha, mbegu ziliota. Zilianza nyasi na mimea ya msimu mmoja, ambayo hufa upesi lakini mizizi yake hushika mchanga na mabua yake hunasa mbegu nyingine. Nyuma yake vikaja vichaka vya chumvi. Ukikishika kichaka hicho utaona jani lake ni la rangi ya kijivujivu, limefunikwa vijifuko vidogo sana ambamo mmea hutunzia chumvi unayoitoa mwilini mwake. Vijifuko hivyo huakisi jua na kulinda jani lisikauke. Migunga ilichukua miaka mingi zaidi. Kampuni nyingine za madini zilipoona matokeo ndani ya mwaka mmoja zikajiunga, na mkanda wa maeneo yenye uzio ukarefuka.

Morris alifariki Januari 1939. Alikuwa ameuona mwanzo tu. Jaribio lenyewe lilikuja baada yake, katika ukame wa miaka ya 1940, mmoja wa mikali iliyowahi kuonekana kusini-mashariki mwa Australia. Nje ya uzio ardhi iliendelea kuhama. Ndani ya uzio ilitulia. Katika miaka ya 1950 mkanda ulikamilishwa kuuzunguka mji, na Margaret alikuwa miongoni mwa waliohakikisha kazi haisahauliki.

Kwa nini ilifanikiwa? Kwa maoni yangu sababu kubwa ni kwamba Morris alitafuta kwanza kinachozuia mimea isiote, akakiondoa hicho. Kampeni nyingi za kupambana na vumbi huanzia upande wa pili. Huhesabu miche, hupanda, hupiga picha, na baada ya mwaka mmoja mbuzi wamemaliza. Uzio haupendezi kwenye picha. Ila mche unaoota wenyewe mahali pake huwa umepeleka mzizi chini kabla ya kuonyesha jani la kutosha, na hauhitaji mtu wa kuumwagilia mwezi wa Januari. Sababu nyingine hazina uzuri wa kusimulia lakini bila hizo pasingekuwa na kitu: migodi ilikuwa na fedha, ilikuwa na mamlaka juu ya ardhi husika, na ilikuwa na wafanyakazi wa kukagua wavu kila mara. Wavu ukitoboka sehemu moja, sungura wawili wanatosha kuharibu kazi ya mvua nzima.

Mipaka ya ushindi huo ilionekana tarehe 22 Septemba 2009. Mkondo wa hewa baridi ulipita juu ya nchi iliyokaushwa na ukame wa miaka mingi, ukachukua vumbi kutoka bonde la Ziwa Eyre na magharibi ya New South Wales, na Broken Hill ikaingia giza mchana. Asubuhi iliyofuata Sydney, zaidi ya kilomita 900 kwa ndege kuelekea mashariki, iliamka katika hewa ya rangi ya chungwa. Kiwango cha Australia kwa chembe ndogo kuliko mikromita 10, zile zinazoitwa PM10, ni wastani wa mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Siku ile vipimo vya saa vilifika maelfu. Hakuna mkanda wa vichaka unaoweza kuzuia vumbi linalosafiri kilomita mbili au tatu juu angani. Uzio wa Morris ulizuia mchanga wa jirani, na huo ndio uliokuwa ukifukia nyumba. Vumbi la mbali ni suala la malisho na ukame wa nusu ya bara.

Sasa nije kwenye vumbi la pili, ambalo nakiri linanigusa zaidi.

Risasi ilianza kudhuru watu wa Broken Hill tangu mwanzo. Matanuru yalikuwa mjini, yakimwaga moshi juu ya nyumba, na mwaka 1892 serikali ya koloni iliunda bodi ya kuchunguza sumu ya risasi mahali hapo. Uyeyushaji ulihamia Port Pirie, pwani ya Australia Kusini, kabla karne haijaisha, na moshi ukaondoka. Vumbi la uchimbaji, la kusaga mawe, la mabaki ya mgodi yaliyolundikwa na la mizigo ya makinikia likabaki. Kwa karibu miaka 100 lilichukuliwa kuwa sehemu ya maisha. Mwaka 1991 damu ya watoto ilipopimwa kwa upana, wengi wa wenye umri chini ya miaka 5 walikutwa na risasi zaidi ya mikrogramu 10 kwa desilita moja ya damu. Leo Australia inataka chanzo kitafutwe kiwango hicho kikizidi mikrogramu 5, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo unaokua.

Risasi hii haiingii hasa kwa pua. Fikiria mtoto wa mwaka mmoja na nusu akitambaa barazani. Kiganja kinakusanya vumbi ambalo hata mama yake halioni, kisha vidole vinaenda mdomoni, mara kumi, mara ishirini kwa saa. Mtoto hufyonza tumboni sehemu kubwa ya risasi anayomeza kuliko mtu mzima, na mwili wake ukikosa chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Kwa hiyo namba ya PM10 inayotangazwa kila siku inaweza kuwa nzuri wakati sakafu ni chafu. Vitu hivi viwili hupimwa kwa njia tofauti kabisa. Vumbi linalotua hupimwa kwa faneli iliyokaa juu ya chupa, kwenye nguzo ya urefu wa mita 2 hivi, iliyoachwa mwezi mzima. Kilichoingia kinakaushwa na kupimwa uzito, na New South Wales hutumia kikomo cha gramu 4 kwa mita ya mraba kwa mwezi. Lakini gramu 4 za mchanga mwekundu wa jangwani na gramu 4 zilizotoka kwenye rundo la mabaki ya mgodi haziwezi kuwa sawa kwa mtoto. Mtu akikuonyesha uzito wa vumbi la mji wa migodi bila kukuambia ndani yake mna nini, hajakuambia lile lililo muhimu.

Na hapo ndipo majira yanapogeuza mambo. Siku ya dhoruba kubwa nyekundu inatisha, watu wanafunga madirisha, watoto wanaitwa ndani, lakini sehemu kubwa ya vumbi lile ni udongo wa mbali usio na risasi nyingi. Siku ya kawaida ya upepo mkavu wa wastani, ambayo haimshtui mtu, inatosha kuinua vumbi kutoka sehemu tupu za mgodi ulio katikati ya mji na kulitua mitaa miwili kutoka hapo. Usiku wa Julai, hewa ikiwa imetulia na baridi imeikandamiza chini, kinachotoka mgodini na kwenye majiko ya kuni hakipandi juu wala hakiendi mbali. Mvua hutuliza kwa siku chache, jua likachukua unyevu wake, na ardhi ikawa ile ile.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba risasi iliyo kwenye udongo wa mji ni ya asili, imetokana na mwamba kumomonyoka kwa mamilioni ya miaka. Mwamba ulikuwa juu ya ardhi kweli, hivyo hoja haikuwa ya kutupwa. Mark Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Macquarie waliijaribu kwa kupima vumbi linalotua, udongo wa juu na wa chini yake, na hata mikono baada ya kucheza viwanjani. Udongo wa juu ulikuwa mchafu kuliko wa chini, na viwanja vilivyo karibu na migodi vilichafua mikono zaidi. Mwelekeo ulikuwa wazi: uchafu uliendelea kuletwa na shughuli za sasa, mbali na ule uliorithiwa. Damu ya watoto inafuata ramani hiyo hiyo, juu karibu na mwamba na chini kadiri unavyokwenda mbali. Watoto wa Waaborijini wamekuwa wakipimwa viwango vya juu kuliko wenzao, na umbali peke yake hauelezi tofauti hiyo. Nyumba kuukuu, nyufa, ua usio na nyasi na kodi isiyoacha fedha ya kutengeneza vinahusika.

Mji umefanya kazi kubwa. Programu ya risasi iliyoanza katikati ya miaka ya 1990 ilipima watoto, ikabadilisha udongo wa nyua, ikaziba dari ambazo vumbi la miaka 80 lilikuwa linadondoka vyumbani, ikafundisha kupangusa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Viwango vilishuka sana. Kisha fedha zikapungua na kushuka kukasimama. Februari 2015 serikali ya jimbo iliirudisha kazi hiyo kwa zaidi ya dola milioni 13 za Australia kwa miaka 5.

Mwezi mmoja kabla, Januari 2015, Broken Hill ilikuwa imeandikwa katika orodha ya urithi wa taifa, mji wa kwanza mzima kupata heshima hiyo nchini humo, na mkanda wa Morris ni sehemu ya sababu zilizotajwa. Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu yananionyesha mahali kazi iliposimama. Morris alianzia nje, kule upepo unakotokea, na alikuwa sahihi kwa mchanga. Vumbi la risasi linatoka ndani ya mkanda, kwenye barabara za magari ya mgodi, kwenye marundo na kwenye viwanja vitupu vya leseni za uchimbaji, mita chache kutoka vitandani mwa watoto. Kunawa mikono na kupangusa sakafu kunamwachia mama mwenye mtoto mchanga kazi ambayo ingepaswa kumalizikia langoni mwa mgodi. Sehemu hizo zinaweza kufunikwa kwa mawe, kunyunyiziwa dawa ya kugandisha vumbi, na pale panapowezekana kuoteshwa mimea. Faneli ziwekwe kati ya mgodi na nyumba za kwanza, na kila mwezi watangaziwe wakazi kiasi cha risasi kilichotua, pamoja na uzito wa vumbi.